Nina hamsini tu, na wenzangu wanakwenda Mji Mkongwe na lenzi ndefu

Shikamoo Mshauri,

Mimi ni mama wa watoto wawili, ninaishi Morogoro, na kwa miaka saba sasa riziki yangu inatokana na picha. Nina kibanda karibu na stendi, ninapopiga picha za paspoti na kutoa kopi, na mwisho wa wiki ninapiga harusi na mahafali. Kamera yangu ni Canon yenye sensa ndogo (kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga), niliyoinunua mkononi kwa mtu, na lenzi zangu ni mbili: 18-55 iliyokuja nayo (hizo ni milimita: namba ndogo huona pana, kubwa huvuta cha mbali), na hamsini ya f/1.8 (namba ya f ikiwa ndogo, mwanga huingia zaidi) ambayo ndiyo iliyonilea. Ukinikuta ukumbini saa 4 usiku, taa zimezimwa na bibi harusi anaingia kwa mwanga wa simu za wageni, hamsini ndiyo iliyo kwenye kamera. Ile nyingine hukaa kwenye begi, na nikisema kweli ninaionea haya, kwa sababu kila anayeanza kazi hii anayo.

Mwezi Julai, wapiga picha sita wa kundi letu la WhatsApp tutakwenda Unguja kwa siku nne kupiga picha za mjini, bila mteja na bila harusi. Kila mmoja atachagua picha kumi, tutazichapisha kwa ukubwa wa A3 na kuzitundika pamoja katika ukumbi mdogo hapa Morogoro. Picha zangu hazijawahi kutundikwa popote isipokuwa kwenye mlango wa kibanda changu, kwa hiyo safari hii ninaichukulia kwa uzito.

Kiongozi wa safari, kaka mmoja ninayemheshimu sana, aliandika kwenye kundi kwamba anayekwenda Mji Mkongwe bila 70-200 "anakwenda kutembea". Wenzangu wanne wanazo. Mmoja wao anauza yake ya zamani, f/2.8, kwa shilingi 2,300,000, na yuko tayari nimpe nusu sasa na nusu baada ya safari. Mwingine, aliyewahi kufika huko, ananisihi niachane na lenzi ndefu ninunue pana, 10-18, kwa sababu vichochoro ni vyembamba. Hiyo nimetajiwa 850,000 Kariakoo. Fundi wangu wa kamera naye, bila hata kuulizwa, akasema nichukue 24 ya f/2.8, ile nyembamba, na chenji nikale na watoto.

Nina 1,400,000 za upatu nilizopokea mwezi uliopita. Mume wangu anajua, na tulikubaliana kuwa ni fedha za kazi. Ila kazi tuliyoizungumza ilikuwa printa, maana iliyopo inachora mistari kwenye nyuso za watu, na sijamwambia kuwa mawazo yangu yameshahama.

Kuna jambo jingine ambalo sijalieleza kwenye kundi. Mwaka jana nilikuwa Dar es Salaam kwa shughuli ya ndugu, nikapita Soko la Samaki la Feri asubuhi na hamsini yangu. Nilitaka kumpiga mama mmoja aliyekuwa akikaanga samaki: yeye, karai lake, moshi, na foleni ya watu nyuma yake. Kila nikirudi nyuma ili vyote viingie, ninagonga beseni la mtu. Mwishowe nikakanyaga ndoo ya utumbo wa samaki, nikabonyeza kwa haraka, na nyumbani nikakuta nina mikono isiyo na kichwa. Kabla sijaondoka yule mama aliniambia kwa sauti, "We dada, unanipiga picha au unaniiba?" Watu wakacheka. Tangu siku ile nikitoa kamera mtaani moyo unanidunda, wakati ukumbini niko huru kabisa. Ndiyo maana lenzi ndefu inanivutia: ningesimama mbali, nisimsumbue mtu.

Ninunue ipi, Mshauri? Je, ni vibaya kukopa kwa ajili ya lenzi? Na flashi niibebe?

Mwenye Hamsini, Morogoro

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili niliisoma nikiwa nimeficha kwa kiganja aya ya bei, ili nione kinachobaki. Kilichobaki ni mtu aliyezoea kupiga picha kwa ruhusa, ukumbini, ambako amekodiwa na kila mtu anajua yupo kwa ajili gani, na ambaye sasa anatakiwa apige mahali ambapo hakuna aliyemwalika. Unaniuliza kuhusu milimita, nami nitakujibu kuhusu milimita, kwa sababu ni swali halali na lina hesabu yake. Lakini nadhani wewe mwenyewe umeshahisi kwamba ndani ya swali la lenzi kuna swali la kusimama umbali gani na watu, na ukilijibu hili la pili, la kwanza huwa jepesi zaidi.

Tuanze na yaliyotokea Feri, maana umeyahesabu kuwa ni aibu yako ilhali kwa sehemu kubwa ni hesabu ya sensa. Kamera yako ina sensa yenye upana wa takriban milimita 22, kwa hiyo hamsini yako inaona finyu kama lenzi ya 80 inavyoona kwenye kamera yenye sensa kubwa. Hiyo ni lenzi ya sura ya bibi harusi na mkono wenye hina. Karai, moshi na foleni haviwezi kuingia kwa pamoja mpaka urudi nyuma hatua nyingi, na sokoni hatua hizo hazipo. Ungekuwa na ile 18-55 unayoionea haya, ukaiweka kwenye 24, ungesimama palepale ulipokuwa na vyote vingeingia. Sidhani kwamba ulikosa ujasiri asubuhi ile. Ulikosa nafasi ya kurudi nyuma, na haraka ikaja baadaye.

Hesabu hiyohiyo tuipeleke Mji Mkongwe. Chukua mlango wa kuchonga wenye kimo cha mita 3 pamoja na fremu yake, na kamera umeisimamisha wima. Kwa hamsini unahitaji kuwa umbali wa karibu mita 7 ili mlango uingie wote. Kwa 24, mita 3 na kidogo. Kwa 18, chini ya mita 2 na nusu. Kuna vichochoro ambavyo watu wawili wenye vikapu hupishana kwa kugeuza mabega, na huko hata 18 utakuwa umeegemea ukuta wa jirani. Aliyekushauri lenzi pana alilikumbuka hilo, na hakukosea. Kwa 10 ungeupata mlango ule ukiwa umbali wa mita moja na theluthi hivi. Ila pana ya namna hiyo ina gharama yake: kilicho pembeni hutanuka, mkono ulio karibu huwa mkubwa kama wa mwashi, na ukiinua kamera kidogo tu kuta zote mbili hulala kuelekeana kama zinataka kuanguka. Ninawajua wanaoitumia vizuri, na wote hushika kamera ikiwa imenyooka, wakaacha sehemu ya chini ijae mawe ya barabara, kisha hukata baadaye. Inataka mazoezi ya miezi, na wewe una wiki chache. Pia jiulize: katika picha zako kumi, ni ngapi unazotamani ziwe za milango? Milango ya Unguja imepigwa sana.

Kuhusu 70-200, nisingependa kuidharau, kwa sababu ni lenzi nzuri na ina kazi yake hata huko. Jioni, pale ukingoni Forodhani, vijana hukimbia na kuruka baharini mmoja baada ya mwingine huku majahazi yakipita nyuma yao, na jua huzama upande wa bahari, mwezi Julai kati ya saa 12 na saa 12 na nusu. Kwa saa ile lenzi ndefu ni furaha tupu. Hata ndani ya mji, ukisimama mwanzo wa njia ndefu na kuitazama kwa urefu wake, lenzi ndefu hukusanya vibaraza, nyaya na nguo zilizoanikwa vikawa kama vimepandana, na mtu mmoja anayekuja kwa mbali huwa katikati ya vyote. Lakini ili umwingize mtu mzima kuanzia kichwani hadi miguuni, hata ukiiweka kwenye 70, kwa sensa yako unahitaji zaidi ya mita 5 kati yako na yeye, na nyingi za zamani hazishiki fokasi kwa kitu kilicho chini ya mita moja na zaidi. Zina uzito wa karibu kilo moja na nusu, bila kamera. Siku ya kwanza utaibeba kwa fahari. Siku ya tatu, baada ya kupanda ngazi za mapaa mawili, tutaonana.

Sasa niruhusu niliguse lile la kusimama mbali, kwa upole. Unasema lenzi ndefu itakuwezesha usimsumbue mtu. Nakuelewa, na kwa mtu mwenye haya ni wazo la kawaida kabisa. Lakini hebu jiweke upande wa yule mama wa karai. Alikuuliza kama unapiga au unaiba. Je, angeinua macho akamkuta mtu amejibanza umbali wa mita 15 na lenzi nyeupe yenye urefu wa kibuyu, swali lake lingekuwa jepesi au zito zaidi? Sikwambii jibu, maana kuna watu hawajali na kuna picha nzuri za namna hiyo. Ninachokiona ni kwamba Mji Mkongwe ni mji wa watu wanaoishi, wanaofua na kusali hapohapo unapopiga, na akina mama wengi hawapendi kupigwa bila kuulizwa. Wewe una kitu ambacho kaka zako watano huenda hawana: ni mwanamke, unajua kusalimia, na ukipiga hodi kwenye kibaraza wanakosukana nywele unaweza kukaribishwa ukae. Hamsini ya mita mbili, kwa mtu aliyekubali, hutoa sura ambayo 200 ya mita 15 haiipati, kwa sababu macho yanakutazama yakiwa yanakujua.

Pale Jaws Corner, wanaume hukaa barazani kwa kahawa na mazungumzo kuanzia alasiri. Agiza kikombe, kaa, kamera iwe mapajani, na usipige chochote kwa dakika kumi. Mimi nilifanya hivyo miaka ile nikitoka studio yangu ya Tanga na filamu mbili za fremu 36 mfukoni, na kwa kuwa fremu zilikuwa za kuhesabu, sikuwa na haraka. Mzee aliyekuwa akimimina kahawa ndiye aliyeniuliza kwa nini sipigi.

Ukipata nafasi, ingia pia Capital Art Studio, barabara ya Kenyatta, iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930. Utazame picha za zamani za Zanzibar zilizopangwa kutani, na kila moja ujiulize mpigaji alisimama wapi. Hilo ni somo la lenzi ambalo halina bei.

Fundi wako na ile 24 yake nimewaweka mwisho kwa makusudi, kwa sababu hapo ndipo wengi wangetarajia niseme "nunua hiyo". Ina mvuto wake. Ina uzito wa gramu 125 tu, kwenye sensa yako inaona kama 38, yaani karibu na vile unavyouona mtaa ukiwa unatembea, na hakuna anayeshtuka akiiona. Lakini angalia ulicho nacho tayari. Lenzi yako ya 18-55 ikiwa kwenye 24 inafungua kama f/4, na hiyo mpya inafungua f/2.8. Tofauti ni mwanga mara mbili, basi. Mchana haitakusaidia sana, kwa kuwa nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na kuta zilizopakwa rangi nyeupe hurudisha mwanga hadi ndani ya vichochoro; saa 6 mchana, wakati wenzako wamekimbilia kivulini kula, humo ndani kuna mwanga laini ambao f/4 na ISO 800 (ISO ni wepesi wa kamera kupokea mwanga; ikipanda sana picha huwa na chengachenga) vinautosha kabisa. Jioni ndipo ile mara mbili itakapoonekana. Je, nusu saa ya jioni kwa siku nne ina thamani ya fedha hiyo kwako? Kwa mwingine ndiyo, kwa mwingine hapana.

Usiku una hamsini, na hapo hakuna mwenye lenzi ya kawaida wa kukufikia. Kwenye meza za Forodhani, penye mishikaki, urojo na juisi ya miwa chini ya balbu moja, f/1.8 inaingiza mwanga karibu mara kumi ya f/5.6. Mahali utakapopiga kwa ISO 1600, mwenye 18-55 iliyovutwa hadi mwisho atahitaji ISO 16,000 kwa kasi ileile ya shata. Hata 70-200 ya f/2.8 iko nyuma yako. Lenzi iliyokulea ukumbini haijui kama imevuka bahari.

Basi kabla ya kutoa hata shilingi, ningekuomba ufanye jambo moja. Asubuhi tatu za soko, pale Soko Kuu la Chifu Kingalu, nenda na 18-55 peke yake. Asubuhi ya kwanza igandishe kwa selotepu kwenye 24, usiivute. Ya pili iweke 18, na ya tatu 55. Kila ukifika muuzaji unayemtaka, msalimie kwanza, nunua hata fungu la nyanya, kisha uulize. Watakaokataa watakuwepo, sema asante uendelee. Ukirudi, tazama taarifa za kila picha uone ni asubuhi ipi uliyopata tatu nzuri. Ikiwa ni ile ya 18 na ulitamani zaidi, rafiki yako wa 10-18 ana hoja. Ikiwa ni ya 55 na uliona uko karibu mno, lenzi ndefu inakufaa kuliko ninavyodhani mimi, nami nitakuwa nimejifunza.

Kukopa si vibaya kwa jumla, na hapa nitakuwa mwangalifu kwa sababu sijui vitabu vyako. Ukitoa nusu ya 2,300,000 unabaki na 250,000 mkononi na deni la 1,150,000, na hukunitajia nauli ya basi na boti, kulala siku nne, wala gharama za kuchapisha A3 kumi. Kwa upande mwingine, 70-200 ya f/2.8 ni chombo cha kazi kweli kwa mpiga harusi, hasa makanisani wanakomzuia mpiga picha asisogelee madhabahu. Ikiwa unaiona ikilipwa na harusi za Agosti hadi Desemba, hilo ni jambo la kuzungumza, ila uliangalie kama mtaji wa harusi na usiutwishe mzigo huo Mji Mkongwe. Na ukifikia hatua ya kuinunua, imulike kwa tochi ya simu kutoka nyuma, uone kama kuna kuvu kama nyuzi za buibui ndani ya vioo. Lenzi iliyokaa muda mrefu Pwani bila kutumiwa huota kuvu.

Kuna na njia ya katikati: wenzako wanne wanazo, na hakuna anayetumia 70-200 saa zote. Unaweza kumwomba mmoja akuazime kwa jioni moja Forodhani, nawe umpe hamsini yako kwa usiku ule, mradi kamera zenu zinaingiliana. Hatari yake unaijua. Ikianguka, urafiki nao unaanguka. Semezaneni mapema nani atalipa nini.

Mume wako mweleze kabla ya soko la kwanza. Mmekubaliana kuwa fedha ni za kazi, na lenzi ni kazi, kwa hiyo huna kosa la kukiri. Lakini printa inayochora mistari inakunyima wateja kila siku, na yeye huenda akaona hesabu usiyoiona, au akakushangaza kwa kusema nenda kanunue. Kiongozi wenu naye usimchukie kwa lile neno. Kila mtu huusifu mlango aliouingilia.

Mambo madogo ya hali ya hewa: ukitoka chumba chenye kiyoyozi asubuhi, acha kamera ndani ya begi lililofungwa kwa nusu saa, la sivyo kioo kitajaa ukungu wakati mwanga ndiyo unaanza kupendeza. Upepo wa kusi hupuliza Julai, na ukingoni hubeba chumvi. Badilisha lenzi ukiwa nyuma ya ukuta, mgongo kwa upepo, na jioni uifute kamera yote kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, kisha kikavu.

Flashi ningeiacha Morogoro. Pale Forodhani itaua ule wekundu wa mkaa na kuugeuza moshi kuwa pazia jeupe mbele ya sura ya mchomaji, na mtaani itamwamsha kila mtu uliyekwisha kumtuliza kwa salamu. Nafasi yake kwenye begi inatosha betri mbili na chaja, nawe utazihitaji, maana usiku, skrini ikiwaka kila dakika ili uangalie kama umepata, betri iliyotumika haifiki saa 3 usiku.